Maneno Pacha, Maana Mbali: Historia Fupi ya Maneno ya Kiingereza Yanayochanganywa Nakivale na Mbarara

Utangulizi

Wengi wetu tuliosomea ualimu tulipewa orodha za maneno ya Kiingereza yanayochanganywa: "affect" na "effect", "adopt" na "adapt", "lend" na "borrow". Orodha hizo hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika kesho yake. Mwanafunzi akikosea, hukatwa alama moja na mambo yakaishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia maneno ya aina hiyo hiyo, lakini katika mahali ambapo hasara yake ni kubwa kuliko alama moja. Mahali penyewe ni makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pamoja na Mbarara, mji mkubwa ulio jirani, magharibi mwa Uganda.

Tuna hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba makosa haya yana historia yake. Mtu anayechanganya "live" na "leave", au "assist" na "attend", kwa kawaida anafuata kanuni za lugha nyingine anayoijua vizuri. Hoja ya pili ni kwamba mwalimu wa Kiswahili, ambaye mara nyingi huambiwa kuwa Kiingereza hakimhusu, ana nafasi kubwa ya kusaidia, kwa kuwa Kiswahili ndicho daraja ambalo wengi wa watu hawa hupitia.

Mahali na lugha zake

Tukianza na Mbarara yenyewe, wenyeji husimulia kwamba jina la mji lilitokana na "emburara", aina ya nyasi ndefu zilizomea katika eneo hilo, na kwamba wageni Waingereza walilitamka walivyoweza. Ikiwa ni hivyo, basi mji mzima unaitwa kwa neno lililosikika vibaya, na hakuna aliyekatwa alama. Ufalme wa Ankole ulitia saini mkataba na Waingereza mwaka 1901, na Kiingereza kikaingia kupitia ofisi za utawala, misheni na shule. Ntare School, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na Mbarara ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2020.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Watu wa mwanzo walikuwa hasa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Mwaka 1982 watu wengi wa asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao huko Ankole, na baadhi yao wakasukumwa kwenye makazi ya aina hii. Baada ya 1994 wakimbizi wengi wa zamani walirejea Rwanda, na wengine wapya wakaja. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilileta Wakongomani wengi. Machafuko ya Burundi, hasa ya 2015, yakaleta Warundi. Wasomali, Waethiopia na Waeritrea nao wakaja. Leo Wakongomani ndio kundi kubwa zaidi.

Kila kundi lilikuja na lugha zake. Wakongomani wa mashariki walikuja na Kiswahili kilichopelekwa kwao na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19, enzi za akina Tippu Tip, kabla ya utawala wa Wabelgiji kuwaongezea Kifaransa. Ndicho Kiswahili cha "mutu" na "mutoto", na cha vitenzi vyenye "-ka" mwishoni kama "nilionaka". Warundi na Wanyarwanda wa rika la watu wazima walisomeshwa kwa Kifaransa. Rwanda iliamua kugeukia Kiingereza shuleni mwaka 2008.

Waganda kwa upande wao walikuwa na mvutano wao na Kiswahili. Gavana William Gowers alikitetea mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa akakipinga, na shule nyingi zikabaki na lugha za wenyeji na Kiingereza. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa raia wengi kilibaki kuwa lugha ya askari. Mabadiliko ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Matokeo yake ni kwamba Nakivale kuna watu wenye Kiswahili kingi na Kiingereza kidogo, na karibu nao kuna ofisi zenye Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo. Kati yao anasimama mkalimani.

"Refugee" na "asylum seeker", "camp" na "settlement"

Tuanze na maneno mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. "Refugee" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa mwishoni mwa karne ya 17, likiwahusu Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwaondolea uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Mzizi wake wa Kilatini unahusu kukimbia, kama ambavyo "mkimbizi" wetu anatokana na kukimbia, na "impunzi" ya Kinyarwanda na Kirundi inatokana na "guhunga", yaani kukimbia pia. "Asylum" ni neno la Kigiriki, na maana yake ya asili ni mahali ambapo mtu hawezi kukamatwa.

Kwa mujibu wa lugha ya kawaida, mtu aliyekimbia ni mkimbizi tangu hatua ya kwanza aliyokimbia. Kiserikali, mambo ni tofauti. Aliyeomba hifadhi na bado hajajibiwa ni "asylum seeker", mwomba hifadhi. Aliyekubaliwa ndiye huandikwa "refugee". Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, kuna kamati inayosikiliza maombi ya mtu mmoja mmoja, ingawa watu wa baadhi ya nchi wamekuwa wakikubaliwa kwa pamoja kutokana na hali inayojulikana ya nchi zao. Kwa hiyo mtu anapojaza fomu kwamba yeye ni "refugee" wakati ombi lake bado liko mezani, hadanganyi. Anatumia neno la lugha ya kawaida mahali panapotaka neno la sheria. Njia ya kutofautisha ni swali moja tu: je, jibu limetoka? Kama halijatoka, ni mwomba hifadhi.

Jozi ya pili ni "camp" na "settlement". Nakivale huitwa kambi na watu wengi, na hata moja ya kanda zake tatu inajulikana kwa jina la Base Camp, nyingine zikiwa Juru na Rubondo. Lakini serikali huiita "settlement". "Camp" inatokana na neno la Kilatini la uwanja, mahali jeshi linapopiga hema kwa muda. "Settlement" inatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha kiti. Aliye katika "settlement" ameketi. Hapa Kiswahili kinatupa msaada mzuri, kwani "makazi" nayo yanatokana na "kaa", kitenzi ambacho kwetu hubeba kukaa kitini na kukaa Mbarara kwa pamoja. Kambi hung'olewa, makazi hulimwa. Nakivale familia zimekuwa zikigawiwa vipande vya ardhi ya kujenga na kulima, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na kambi zilizozungukwa na ua. Mwanafunzi akikumbuka "kaa", hatachanganya tena.

"Persecute" na "prosecute"

Tumefika kwenye jozi ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya hatari kuliko zote. Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, unamtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye hofu ya msingi ya kuwa "persecuted" kwa sababu ya asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Badilisha herufi chache upate "prosecuted", na mtu huyo anakuwa mshtakiwa anayekwepa mahakama ya nchi yake. Wa kwanza anastahili hifadhi. Wa pili, kama hakuna jambo lingine, anastahili kurudishwa akajibu kesi.

Asili ya maneno haya ni moja. Yote mawili yalitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. "Prosequi" ni kufuata jambo mbele mpaka mwisho, ndiyo maana likafaa kwa kesi. "Persequi" ni kufuata bila kuacha, kuwinda. Nasi katika Kiswahili tuna mgawanyo kama huo huo. Tuna "kuandama", yaani kufuata, na tukisema fulani anaandamwa, kila mtu anaelewa kwamba hana raha. Tuna pia "kufuatilia", na tukisema polisi wanafuatilia jambo, tunafikiria majalada na mashahidi. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni: "persecute" ni kuandama, "prosecute" ni kushtaki. Kama yupo mwendesha mashtaka, hati ya mashtaka na hakimu, ni "prosecute". Kama yupo mtu anayekuja usiku kukuuliza kabila lako, ni "persecute".

Hata hivyo, tatizo haliishii kwenye Kiingereza. Tafsiri inayozoeleka ya "persecution" kwa Kiswahili ni "mateso". Sasa tuchukue mfano wa mama aliyekimbia Kivu kwa sababu jirani zake wa kabila lake waliuawa, mashamba yao yakachukuliwa, naye akatumiwa salamu kwamba zamu yake inafuata. Aulizwe kwa Kiswahili, "Je, uliteswa?" Naye kwa ukweli wake atajibu, "Hapana, sikuteswa," kwa kuwa hakufungwa kamba wala kuchapwa. Kiswahili chake ni sahihi kabisa, na jibu lake litaandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuwa "persecuted". Angeulizwa kama aliandamwa, au kama alitishwa na kunyanyaswa kwa sababu ya kabila lake, angekuwa na mengi ya kusimulia.

Ni kweli kwamba Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukaingiza wanaokimbia uvamizi wa kigeni na machafuko makubwa ya amani. Lakini maswali ya mahojiano bado hugusa kuandamwa, na mkalimani bado anahitaji neno.

Marafiki wa uongo kutoka Kifaransa

Msomi wa Kikongomani anapojifunza Kiingereza hufurahi kukuta maneno mengi yanafanana na ya Kifaransa. Furaha hiyo ina msingi wake: baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa huko kwa karne kadhaa, na maelfu ya maneno yake yakabaki. Baadhi yake, hata hivyo, yalibadili maana njiani.

Mfano mkubwa ni "assist". Kwa Kifaransa, "assister" likimfuata mtu ni kumsaidia, lakini "assister à" ni kuwapo kwenye tukio, kuhudhuria au kushuhudia. Kwa Kiingereza cha leo, "assist" ni kusaidia tu. Asili ni Kilatini, kusimama kando. Anayesimama kando ya mtu anamsaidia. Anayesimama kando ya tukio anashuhudia. Kifaransa kilihifadhi maana zote mbili, Kiingereza kikaacha moja. Sasa fikirini mtu aliyeona mauaji kijijini kwake, akataka kusema alikuwapo, akatamka kwa Kiingereza kwamba "ali-assist". Msikilizaji atasikia kwamba alisaidia kuua. Na Mkataba huo wa 1951 unawanyima hifadhi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Shahidi amegeuka mtuhumiwa kwa kitenzi kimoja. Angesema kwa Kiswahili chake "nilionaka", asingekuwa na shida yoyote.

"Attend" nalo lina mtego wake. Kwa Kiingereza ni kuhudhuria, na "attend to" ni kuhudumia. Kwa Kifaransa "attendre" ni kungoja. Mtu anayesema kwa Kiingereza kwamba "ali-attend to" askari usiku kucha huenda alikuwa anawangoja kwa hofu chini ya kitanda. Vilevile "demander" ni kuomba kwa adabu, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai. Mtu mnyenyekevu anayeandika barua ya "kudai" blanketi huonekana mkorofi bila kujua.

Dawa ya marafiki hawa ni kuyapitisha maneno kwenye Kiswahili kwanza. Kabla ya kusema "assist", mwanafunzi ajiulize: nataka kusema nilisaidia, nilihudhuria, au nilishuhudia? Kiswahili kina vitenzi vitatu tofauti. Akishachagua cha Kiswahili, cha Kiingereza hakimpotezi: "help", "attend", "witness".

Sauti zinazopotea

Aina ya mwisho ni ya maneno yanayotofautiana kwa sauti tu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi, na hutofautisha "live" yenye irabu fupi na "leave" yenye irabu ndefu. Kwa sikio la Kiswahili hilo ni neno moja. Lakini "niliishi Bukavu" na "niliondoka Bukavu" ni sentensi mbili, na katika maelezo ya safari ya mkimbizi kila tarehe hulinganishwa na nyingine. Ushauri wetu ni kwamba mwanafunzi asitegemee urefu wa irabu peke yake. Atumie kitenzi cha wakati uliopita, "lived" au "left", ambavyo haviwezi kuchanganywa, au aseme "stayed" badala ya "lived".

Kisha kuna /l/ na /r/. Katika maandishi ya Kinyankole hutawala "r", na wazungumzaji wake wengi, kama wenzao wa Kinyarwanda na Kirundi, hawazitenganishi sauti hizi mbili kama Kiingereza kinavyotaka. Ndipo "collect" ikawa "correct", na "pray" ikawa "play". Wengine huwacheka, jambo ambalo halifundishi. Mwalimu wa Kiswahili ana zana bora, kwa kuwa Kiswahili nacho hutofautisha sauti hizi: "kalamu" ni ya kuandikia na "karamu" ni ya kula, "mahali" ni sehemu na "mahari" hutolewa na bwana arusi, anayeenda "kupiga kura" haendi kula. Mwanafunzi akizoeshwa jozi hizi katika lugha yenye maneno anayoyatumia kila siku, ulimi wake unakuwa tayari kwa jozi za Kiingereza.

Kwa upande mwingine, tusidhani kwamba Kiswahili daima kina utenganisho zaidi. "Kuazima" kwetu ni kupokea na pia kutoa: nimeazima kitabu kwake, naye ameniazima kitabu. Hivyo mwanafunzi anayesema "borrow me your pen" ametafsiri "niazime" kwa uaminifu kamili. Hapa tumkumbushe jozi ya "kukopa" na "kukopesha": anayekopa ni "borrow", anayekopesha ni "lend".

Mwalimu afanye nini?

Kwanza, aulize asili ya kosa kabla ya kulisahihisha. Kosa la Mkongomani kwenye "attend" linatoka Kifaransa. Kosa la Mnyankole kwenye "collect" linatoka kwenye sauti. Kosa la wote wawili kwenye "borrow" huenda linatoka Kiswahili. Dawa haziwezi kufanana.

Pili, afundishe neno ndani ya sentensi yenye mtu, mahali na wakati. Orodha za maneno mawili mawili huwafanya wanafunzi wayakumbuke kama pacha, na pacha ndio huchanganywa.

Tatu, aheshimu Kiswahili cha Kongo. Mwanafunzi anayekosolewa kila anaposema "mutu" atanyamaza, na mkalimani anayejua Kiswahili sanifu peke yake hatasikia yote yanayosemwa Nakivale. Idara zetu zina wajibu wa kuwafundisha wakalimani watarajiwa aina zote mbili.

Nne, wanafunzi wetu waandae faharasa ndogo ya maneno ya mahojiano, kwa Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Kongo na Kiingereza, wakianza na "kuandamwa". Kamusi kubwa zipo: ile ya Kamati ya Lugha iliyohaririwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, na TUKI ilitoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996. Lakini kamusi humpa mkalimani maneno manne kwa mstari mmoja na kumwacha achague. Faharasa imweleze achague lipi, na kwa nini.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maneno yanayochanganywa Nakivale na Mbarara yamebeba historia ndefu: wafalme wa Ufaransa, Wanormandi, misafara ya pwani, mkataba wa Ankole, na barabara zilizokanyagwa na watu wenye mizigo kichwani. Somo la maneno ya kutatanisha si la walimu wa Kiingereza peke yao. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na haja ya watu wanaoweza kuvuka kati ya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza itaongezeka. Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaokwenda mazoezini Isingiro mwaka huu wabebe daftari, wasikilize, na watuletee jozi walizokutana nazo, pamoja na sentensi zilimotumika na lugha ya kwanza ya aliyezitamka, bila kuandika jina lake. Tutazikusanya idarani, na faharasa hiyo itaanzia hapo.